Kiboko na Mtama wa Mzimu

Jamani mliopo!

*Tupo!*

Mmekaa au mmesimama?

*Tumekaa, mizigo chini!*

Basi nipeni masikio.

*Tumekupa, yarudishe salama!*

Nitayarudisha. Lakini anayetafuna atafune taratibu, na wewe uliye karibu na mlango ufunge, upepo unaingia. Mimi nikikatizwa hasira zinanipanda, mnanijua. Na hadithi yenyewe si ya kucheka tu. Kuna mahali inauma.

Hapo kale palikuwa na bonde, na katikati ya bonde palipita mto. Upande wa huku wa mto waliishi wanyama wadogo wadogo, wakulima wa mtama. Msiniulize walishika jembe kwa mkono gani. Siku hizo walilima, basi. Upande wa ng'ambo waliishi Tembo, na kwa Tembo mvua haikukosa hata mwaka mmoja.

Mwaka wa kwanza jua likawaka, mtama ukakauka. Mwaka wa pili jua likawaka, mtama ukakauka. Mwaka wa tatu wanyama wakatazamana, wakaingia majikoni mwao, wakatungua yale mashuke ya mbegu waliyoyaning'iniza juu ya moshi, wakayapukuchua, wakapika, wakala. Mnaona hapo? Miaka miwili ya kwanza ilikuwa njaa, na njaa hupita. Ila mtu akishakula mbegu yake, mvua hata ikinyesha anabaki kuitazama tu. Huo sasa ndio umaskini.

Tembo wakapata habari. Na Tembo, nasema wazi, wana roho nzuri. Nisije nikasikia kesho mtu anasema Bibi aliwasema vibaya waliotoa. Mimi mwenyewe mwaka ule wa ukame nilikula unga wa msaada, ule wa njano, na wanangu wako hai kwa sababu yake. Kwa hiyo hapo sina neno. Tembo wakakaa, wakashauriana, wakaamua kila mwezi mwandamo wataweka magunia kumi ya mtama kwenye ukingo wao wa mto.

Sasa nani ayavushe? Mtoni mlijaa mamba. Tembo wenyewe walikuwa wanavuka mara moja tu kwa mwaka, maji yakipungua, wanakuja kukagua nani mbavu ziko nje. Wanyama wa huku wakiingia majini wanaliwa. Ndipo akatokea Kiboko, akasema, "Mimi nitawabebea. Sitaki malipo."

Kiboko mnamjua. Tumbo lile, shingo ile, na mdomo ambao akiufungua unaona mpaka koo. Akaingia mtoni, chubwi! Akaenda ng'ambo, akarudi na magunia mgongoni, fwuuu, fwuuu, akayatua. Wanyama wakashangilia. Wakajipanga foleni, kila mmoja na bakuli lake. Kiboko akawaambia wasubiri kwanza, kuna mwenye mto. Mto huu una Mzimu, na Mzimu ana haki yake.

Gunia la kwanza, la Mzimu. Gunia la pili, la Mzimu. Gunia la tatu, la Mzimu. Akahesabu hivyo hivyo mpaka la tisa, la Mzimu. La kumi ndilo likafunguliwa kwa ajili ya bonde zima, likagawiwa kibaba kimoja kimoja.

Yale tisa akayaingiza kwenye ghala lake la miti kando ya mto, akazungushia uzio wa miiba, akasema asikanyage mtu hapo, ni pahali pa Mzimu. Na kila mchana jua likiwa utosini, sauti ilitoka mle ghalani: kruu, kruu, kruu. Wanyama waliambiwa huyo ni Mzimu anakula. Na wakati huo Kiboko haonekani mtoni. Hakuna aliyeuliza. Ukiwa na njaa maswali mengine unayaacha.

Na kibaba chenyewe hupewi hivi hivi. Unakwenda ukingoni, unainama mpaka pua iguse maji, unasema, "Asante Mzimu, asante Kiboko, sisi si kitu." Ndipo unapimiwa. Akaja Sungura, akainama, asante Mzimu, asante Kiboko, sisi si kitu, akapimiwa. Akaja Kanga na watoto wake saba, wakainama wote, asante Mzimu, asante Kiboko, sisi si kitu, wakapimiwa. Akaja Ngiri, mzee wa watu, magoti yanalia ka, ka, ka, akainama naye.

Akaja Kalunguyeye. Mnamchanganya na nungunungu, najua, wote wana miiba. Huyu ni mdogo, anaenea kwenye kata ya maji, akiogopa anajikunja anakuwa duara. Alikuja na kibakuli chake, akasimama ukingoni, akasema, "Asante Mzee Kiboko kwa kubeba. Na Tembo nao asante kwa kutoa."

Kiboko akangoja. Kalunguyeye naye akangoja.

"Na Mzimu?"

"Sijamwona, mzee. Nikimwona nitamshukuru."

"Na hilo la mwisho?"

"Hilo siwezi kulisema, maana si kweli."

Kiboko akawageukia wanyama. Akawaambia wamtazame vizuri huyu mtu. Asiyemwogopa Mzimu hana kinachomzuia kuiba, hana kinachomzuia kuua, huyu hana utu hata kidogo, na chakula cha Mzimu si cha watu kama hao. Wanyama wakamtazama Kalunguyeye, wengine wakasogeza mabakuli yao karibu na kifua. Akafutwa kwenye foleni. Akaondoka na kibakuli kitupu, akawa anakula mende, mchwa na konokono, chakula chake cha asili. Tena mimi nadhani alikuwa na afya kuliko wao.

Sasa jirani yake alikuwa Mama Siwema, digidigi, mjane. Mumewe aliliwa na mamba mwaka uliopita, alipokwenda kunywa maji. Alibakiwa na mtoto mmoja, Siwema, miguu kama njiti za kiberiti. Kile kibaba kimoja hakikuwatosha, maana mtoto alikuwa bado ananyonya na mama maziwa hayakutoka. Mtoto akawa analia. Mara ya kwanza alilia kwa sauti, baadaye akawa analia chini chini, na mwenye mtoto anajua, hicho cha chini chini ndicho kibaya.

Basi Mama Siwema akawa kila asubuhi akifungua mlango anakuta viazi vya porini vimewekwa kizingitini, vina udongo bado. Leo viwili, kesho vitatu. Siku moja akaamka mapema akamkuta Kalunguyeye anavitua. Pua imejaa udongo, makucha yamekatika. Na Kalunguyeye hali viazi. Yule ni mtu wa mende.

Mama Siwema akamwuliza, "Kaka, hebu niambie ukweli. Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu, dada."

"Kila anayetoa anataka kitu. Kiboko anataka niiname. Tembo wanataka kuona mbavu zangu. Wewe humwogopi Mzimu, wala hakuna anayekuona ukichimba. Sasa nani anakutuma?"

Kalunguyeye akafikiri. Akakuna shavu. Mtu mwingine hapo angepata maneno makubwa, yeye hakuyapata.

"Mtoto wako akilia nasikia mpaka kwangu," akasema. "Nikileta viazi ananyamaza. Sijui zaidi ya hapo."

Jibu hilo mimi nimekaa nalo miaka mingi. Mimi nasali, mnanijua, sikosi. Nikimpa mtu chakula moyoni najua kuna anayeniona, na napenda anione, sitawaficha. Huyu hakuwa na wa kumwona. Alikuwa na masikio tu. Na nimewahi kumwuliza mwalimu wangu wa dini, je, huyu mnyama tumweke wapi? Akaniambia niendelee na hadithi yangu. Haya, naendelea.

Siku ile ile Mama Siwema akamwambia neno lililomtoa Kalunguyeye jasho. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya nyuma ya vilima, mvua ilikuwa karibu, siku nane au tisa hivi. Akasema mvua ikinyesha na yeye hana mbegu ya kupanda, mwaka mzima mwingine wa kibaba kimoja Siwema hataumaliza. Kwa hiyo amekata shauri. Mvua hii ikipita hajapanda, atambeba mtoto wavuke mto waende kwa Tembo.

Kalunguyeye akamkumbusha habari za mamba.

"Najua," akasema Mama Siwema. "Kuna anayefika."

Hakuna aliyewahi kufika. Wote bondeni walilijua hilo, na yeye alilijua kuliko wote. Kalunguyeye akarudi nyumbani, akajikunja, akafikiri siku nzima. Mtama ulikuwepo, magunia arobaini mazima, ghalani kwa Kiboko. Mvua ilikuwa inakuja. Mashamba yalikuwa yapo. Kilichokosekana ni njia ya kuutoa mtama kwenye uzio wa miiba na kuuingiza ardhini, na yeye ni mnyama wa kuenea kwenye kata.

Halafu akakumbuka jambo moja. Kiboko amekula mtama maisha yake yote, lakini hajawahi kupanda hata punje moja.

Kesho yake akaenda mtoni. Kiboko akatoa pua majini, fwuuu, akamwuliza asiye na utu anataka nini.

Kalunguyeye akasema amekuja kuaga tu, maana siku nane zijazo Tembo wanakuja kukagua, na baada ya hapo kazi ya Kiboko itakuwa imekwisha. Amesikia kwa yangeyange, wale ndege weupe wanaotembea na Tembo. Tembo wamechoka kugawa kidogo kidogo. Mwaka huu watahesabu mbavu za kila mtu, kama kawaida yao, halafu watamchagua maskini wa kwanza wa bonde zima. Huyo atapewa yote, magunia mia, aletewe mpaka mlangoni.

Na hapo alisema uongo. Kuhesabu mbavu ni kweli, Tembo ndivyo walivyopima umaskini, wanakupapasa ubavuni kwa mkonga, moja, mbili, tatu. Ila huyo maskini wa kwanza na magunia yake mia, Kalunguyeye alimtunga asubuhi ile njiani. Dhambi hiyo au si dhambi? Mimi nasali na sijui.

"Nani atakuwa wa kwanza?" akauliza Kiboko.

"Mama Siwema, mzee. Mbavu zake zote ziko nje."

Kiboko akazama. Akaibuka. Akazama tena. Magunia mia apewe digidigi! Roho ikamuuma kabisa. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama mbavu za kiboko nazo zinaweza kuonekana. Kalunguyeye akamwambia aachane na hayo, hataweza. Ni siku saba bila kula, tena nje ya maji, juani, kama maskini wengine. Kuna wanaozaliwa na uwezo huo, yeye si mmoja wao.

Mnamjua mtu mwenye pupa. Mwambie hataweza.

"Nitaweza," akasema Kiboko.

"Hata ukiweza, mzee, kuna ghala. Maskini gani ana magunia arobaini nyuma ya nyumba? Na pua ya Tembo unaijua. Ukilificha gunia porini watalinusa. Ukilifukia zima watalinusa."

Kiboko akazama, akaibuka. Maji yakamtiririka usoni, tri, tri, tri. Mwisho akauliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani, mtama unafichwaje usinukie.

Kalunguyeye akamweleza polepole. Harufu hukaa pale mtama unapokaa pamoja. Kwa hiyo usiuache ukae pamoja. Punje nne hapa, hatua moja, punje nne pale. Shimo fupi la kina cha kidole, udongo juu, kanyaga kidogo. Bonde zima. Hakuna pua duniani ya kunusa punje nne. Tembo wakishaondoka, Mzee unawaamuru watu wafukue, unarudisha ghalani, juu yake na magunia yako mia.

Kiboko akaona ni akili kubwa sana. Akaona ni yake mwenyewe. Jioni akawaita wanyama wote ukingoni, akawatangazia kwamba Mzimu ameota ndoto. Mzimu anataka haki yake izikwe ardhini, punje nne nne, hatua moja moja, bonde zima, kwa siku saba. Atakayeacha hata punje moja juu ya ardhi ataliwa na mto.

Wanyama wakainama. Asante Mzimu, asante Kiboko, sisi si kitu. Wakaenda kuchukua majembe yaliyokuwa yameota kutu.

Siku ya kwanza walifanya kazi ya woga. Kwatu, kwatu, kwatu, punje nne, udongo. Kwatu, kwatu, kwatu, punje nne, udongo. Kufika mchana mzee Ngiri akasimama. Akatazama mstari wake, akatazama mawingu, akatazama punje zilizo kiganjani mwake. Akamtazama Sungura, na Sungura alikuwa anamtazama yeye. Ngiri akarudi nyuma akaunyoosha mstari wake, maana ulikuwa umepinda, na mkulima hapandi mstari uliopinda.

Kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kuamriwa. Mtu aliyekuwa hawezi kunyanyuka kitandani alitoka. Kanga na watoto wake saba walifukia udongo kwa miguu. Mama Siwema alichimba na mtoto mgongoni, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kulia. Wengine walitupia punje mbili tatu mdomoni wakidhani hawaonwi. Kalunguyeye aliwaona, akageuza uso.

Na Kiboko? Kiboko alikaa juani. Siku ya kwanza aliimba nyimbo za Mzimu. Siku ya pili aliimba moja. Siku ya tatu ngozi ikaanza kupasuka, siku ya nne tumbo likaanza kunguruma, guru, guru, mpaka waliokuwa mashambani walidhani ni radi. Siku ya tano Kalunguyeye akapita, Kiboko akamwita kwa mkono. Ulimi ulikuwa mkavu.

"Hebu niambie," akasema. "Hivi ndivyo wanavyosikia hawa kila siku?"

"Ndivyo, mzee."

Kiboko akafikiri sana. Kalunguyeye akasogea, maana alidhani sasa, labda sasa, kuna kitu kimeingia mle kifuani.

"Basi," akasema Kiboko, "wanapaswa kusali zaidi."

Kalunguyeye akaenda zake. Ananiuma mpaka leo Kiboko yule. Mlango ulikuwa wazi kabisa na hakuingia.

Siku ya nane Tembo wakavuka. Ndi, ndi, ndi, ardhi ikatikisika. Mbele alikuwa Bibi Tembo, mzee, mpole, macho hafifu. Akapita mstarini akipapasa. Sungura, mbavu tisa. Ngiri, mbavu kumi. Mama Siwema, mbavu zote, na Siwema mbavu zote na kidogo. Bibi Tembo kila alipopapasa alitoa pole, na alikuwa anamaanisha. Akafika kwa Kiboko. Akapapasa, akarudia. Mbavu tatu.

"Kama hata kiboko amefikia hapa," akaanza kusema Bibi Tembo, Kiboko akamkatiza.

"Mimi ndiye maskini wa kwanza," akasema Kiboko. "Nipeni changu."

Bibi Tembo hakuelewa. Akauliza changu kipi. Kiboko akataja magunia mia, akataja maskini wa kwanza, akataja mlangoni. Bibi Tembo akamtazama kwa huruma, akadhani njaa imemchanganya.

"Mwanangu," akasema, "umaskini hauna mashindano."

Kiboko akamtafuta Kalunguyeye kwa macho. Kalunguyeye alikuwa ameshajikunja, duara, miiba nje.

Ndipo Bibi Tembo akakata shauri. Huyu Kiboko wetu, akasema, amejitoa mpaka ameisha. Hawezi tena kubeba, si haki kumtumikisha. Maji bado ni machache, Tembo wenyewe watavusha leo leo magunia thelathini, ya miezi mitatu, wanyama wagawane wenyewe. Na Kiboko apewe kibaba chake kama wenzake. Akampimia. Kisha akasimama akingoja, maana Kiboko mwenyewe ndiye aliyewaambia Tembo, miaka hiyo, kwamba kuinama na kushukuru ni mila ya bonde hili, na Tembo wanaheshimu mila za watu.

Kiboko akatazama huku. Akatazama kule. Akainama mpaka pua ikagusa maji.

"Asante Mzimu," akasema. Halafu akakwama, maana lililofuata lilikuwa jina lake. Akaliruka. "Mimi si kitu."

Hakuna aliyecheka. Mngedhani wangecheka, na mimi nilipohadithiwa mara ya kwanza nilicheka. Lakini wale walikuwa wamelisema neno lile miaka, na sasa wamelisikia kwa masikio yao jinsi linavyosikika.

Tembo wakavusha magunia thelathini, wakaaga. Hawajafika mbali mvua ikashuka. Chwaaa! Siku tatu usiku na mchana. Mvua ilipokatika Kiboko akatoka mbio kuwaamuru watu wafukue mtama wake. Wakamwambia afukue tu, Mzee, ni wako. Akafukua shimo la kwanza, punje imevimba. Akafukua la pili, punje imepasuka. Akafukua la tatu, kimetoka kitu kijani. Akaenda kwa Kalunguyeye, akamwambia mtama wote umeharibika, umeota manyoya.

"Pole sana, mzee," akasema Kalunguyeye. "Uache tu hapo hapo."

Akauacha. Ukapanda juu, ukafika kifuani, ukatoa mashuke, ukainama kwa uzito. Wakavuna. Nusu ya bonde mpaka leo wanasema ni Mzimu aliyefanya, na wanamshukuru, na Kalunguyeye hajawahi kubishana nao. Kila mwenye jiko alining'iniza mbegu zake juu ya moshi. Mama Siwema alipeleka kapu moja kwa Kiboko, kwa sababu alikuwa amekonda kweli, na Kiboko hakulikataa wala hakushukuru.

Mwaka uliofuata Bibi Tembo akaja tena kukagua. Akapapasa Sungura, hakuna mbavu. Akapapasa Ngiri, hakuna. Siwema hakukaa apapaswe, alikuwa anaruka ruka huku na huku, na Bibi Tembo akabaki na mkonga hewani. Akauliza wanahitaji nini. Wakamwambia kwa sasa hawana shida, karibu ukae. Akakaa. Alikuwa na furaha, lakini alikuwa kama mgeni aliyekuja msibani akakuta harusi, hajui aweke wapi mikono.

Wakati wa kuondoka Mama Siwema akamletea kapu la mtama, akamwambia ni la njiani.

Bibi Tembo akarudi nyuma. Akasema hapana, hapana, sisi hatupokei, sisi ndio tunaotoa, ninyi wenyewe mna watoto. Miaka yote ile alikuwa ameshika upande mmoja tu wa kapu.

Mama Siwema akamsogezea.

"Pokea tu, mama," akasema. "Mwanzo ni mgumu. Unazoea."

Akapokea. Akavuka mto akiwa ameliinua kapu juu kabisa lisilowe.

Sasa funzo, maana hadithi isiyo na funzo wazazi wenu watakuja kunilaumu. Funzo ni hili. Msiwe kama Kalunguyeye. Mwogopeni Mzimu, inameni, semeni ninyi si kitu. Mkimkuta mwenzenu ana njaa, kwanza mwulizeni anaamini nini. Mbegu mkiipata, ileni siku hiyo hiyo. Na mtu asiye na wa kumwogopa msimkaribishe kwenu, atawaharibia mambo, mtajikuta mna shamba, mna kazi, mmeshiba, na hakuna hata mmoja anayekuja kuwahesabu mbavu.

Hadithi imechoka miguu!

*Ikae, ipumzike kwetu!*